Majirani wamekuja kulia kwangu juu ya albamu ya rock

Leo majirani wamekuja kilio kwangu, na hakuna muntu alikufa.

Kaka yangu alinitumia albamu ya rock ya zamani, ya Wazungu. Mimi sikuwe nayisikilizaka ile muziki. Nikaweka bafle, ile spika kubwa, inje, nikaanza kuchambua maharagi. Ile gitare ikalia mupaka machozi ikanitoka.

Kumbe hapa kwetu Mweso, bafle inje na muziki ya huzuni tangu asubuhi, njo alama ya kilio!

Mama jirani akaingia na kuni ku kichwa. Nyuma yake wengine, na unga, na mabenchi. Akanikumbatia.

"Pole, mutoto wangu. Ni nani?"

Haya, mungejibu nini?

Nilitaka kusema "hakuna". Ikatoka: "Papa."

Papa, baba yangu, alikufa kule Pinga mwaka jana. Barabara ilikuwa imefungwa, mazishi nikaisikia ku telefone tu. Hatukukaa kilio.

Nikawaelezea yote, nikisikia haya. Nikainuka nizime muziki. Mama jirani akanishika mukono.

"Acha. Si tumeshaleta kuni?"

Albamu imeisha sasa hivi. Hakuna mwenye ameinuka.

Wananiambia niirudilie ku mwanzo.