Wivu wa Tangi la Saba

Kwa miaka kumi na mmoja stuli iliyo mbele ya tangi la saba ilikuwa yangu, na anayebisha aende akakiulize kimto nilichoishonea. Niliingia pale kuosha vioo. Daktari, mwanamke wa makamo anayechunguza samaki, alinikuta nimeacha kitambaa, nimekodoa macho tangini. "Mama, unaona nini?" Nikamwambia, "Naona huyu jike anaringa." Alicheka mpaka akashika meza. Kesho yake akanipa saa ya kubonyeza na daftari.

Kazi yenyewe ni hii. Samaki wetu ni wadogo, urefu wa kidole cha mwisho. Dume ana mkia wa rangi ya machungwa kama anayekwenda harusini. Jike ana rangi ya maji yaliyooshewa mchele. Lakini anayechagua ni huyo wa maji ya mchele. Tunamweka katikati, dume mmoja kushoto, mwingine kulia, na vioo kati yao. Mimi nahesabu amekaa dakika ngapi kwa nani. Baadaye vioo vinaondolewa, tunaona kama atamkubali. Sisi tumezoea kwamba mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Mwaka wa kwanza niliandika "jike wa tatu kamuoa wa kushoto," na Daktari hakunisahihisha. Alisema, "Liache, mama, ndivyo ilivyo." Maneno hayo nilitembea nayo mtaani mwezi mzima.

Kusoma nilijifunza ukubwani, darasa la jioni, na sikumaliza. Herufi ninazo zote, ila hazipendi kuja pamoja.

Basi akaja huyo binti. Katoka chuo kikuu, nywele kasuka vizuri, mkononi kamera ya miguu mitatu. Nikampa jina Dijitali. Siku ya kwanza aliniamkia kwa adabu, "Shikamoo, bibi." Nikaitikia marahaba, kisha nikaongeza, "Ila bibi yako ni yule aliyemzaa mama yako." Akacheka. Hata kukasirika hakujua, na hilo nalo likaniudhi.

Kabla yake, saa nne Daktari alikunywa chai nami, pale penye ndoo. Sasa akawa anainywa mbele ya kompyuta ya Dijitali, wanachekea maneno nisiyoyajua. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Mimi nikabaki kunywa yangu na pampu ya hewa. Kila kicheko chao kilipotoka mlangoni kilinipita kifuani kama pasi ya moto.

Kisha Daktari akasema, "Mama, wiki hii mtahesabu wote wawili. Wewe kwa macho, yeye kwa kamera. Tukiona kamera inatosha, wewe utapumzika."

Kupumzika! Watu wana maneno matamu ya kumwambia mtu atoke.

Safari hiyo jaribio lilikuwa na jambo jipya. Kwa dume wa kulia tuliweka jike wa pili, nyuma ya kioo chake. Daktari alitaka kujua kama jike akimwona mwenzake kasimama na dume, naye atamtaka dume huyo huyo. Kamera ikasema ndiyo, majike kumi na wawili wamekwenda kulia. Mimi nikaona jingine. Sita kati yao kulia walikwenda, lakini pua zao hazikuwa kwa dume. Zilikuwa kwa mwenzao. Akipanda wanapanda, akishuka wanashuka, na dume nyuma yao anatikisa mkia, wa kumtazama hakuna.

Hilo nalijua. Marehemu mume wangu alikuwa na nyumba ndogo mtaa wa pili, na kila Jumamosi nilikuwa napita mbele ya dirisha lile. Mtu angedhani namfuata mume. Mume mwenyewe nilikuwa nimeshamchoka! Nilikwenda kuona mwenzangu kavaa nini. Kwa hiyo pembeni ya hao sita nikaandika neno langu.

Ijumaa Daktari akafungua daftari. Uso ukambadilika.

"Mama, uliingiza wavu tangini?"

"Wavu gani?"

"Umeandika mwenyewe. Wavu, wavu, mara sita. Ukiwasukuma samaki kwa wavu hesabu yote imeharibika. Mama, wewe wa kunifanyia hivi?"

Nikatazama. Nilikuwa nimeandika wvu. Ile i ilinitoroka, naye akanipachikia a yake.

Neno moja tu lingeniokoa, lakini ningelitamkaje mbele ya Dijitali, kasimama pale na miguu yake mitatu? Nikaona heri niitwe mharibifu kuliko kuitwa mwenye hilo jambo. Daktari akangoja, akangoja, mwisho akaishika stuli yangu akaisogeza ukutani.

"Daktari," Dijitali akasema, "hakuna wavu. Video zote ninazo. Bibi hakunyanyua hata kidole."

Kuokolewa na yeye! Afadhali ningetumbukia tangini.

"Sasa hii wvu ni nini, mama?"

"Wivu!" nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyoiagiza. "Hao sita hawamtaki dume. Wanamwonea mwenzao wivu. Ondoa vioo uone."

Jumatatu tukaviondoa. Wale sita nisiowaandikia kitu, watano walimkubali dume. Wa kwangu sita, watano walimkimbia kama aliyemwagiwa maji machafu. Mmoja akamkubali. Simlaumu, hata mimi na uchovu wangu wote nilizaa wanne.

Daktari akazipitia karatasi zake. "Mama, samaki anahisi nini hatujui. Siwezi kuandika wivu. Lakini ulichokiona kipo. Tutaandika W." Akamgeukia Dijitali. "Mwanangu, kaa hapa mama akufundishe kuiona."

Mwanangu! Wiki tatu tu, na tayari mwanangu.

Binti akasogea karibu. "Bibi, niambie kweli. Video nimeitazama mara tatu na sikuona kitu. Uliijuaje?"

Ningeweza kumwambia habari za pua. Nikamtazama, na zile nywele zake.

"Siku zote hizi umedhani naikodolea macho kamera yako," nikamwambia. "Kamera hainihusu. Nilikuwa nakutazama wewe, unavyocheka na Daktari."

Daktari akapata shughuli ya ghafla na kikombe kilichokuwa kitupu. Binti akajiziba mdomo, sijui kwa kicheko, sijui kwa haya, na sikumuuliza. Niliivuta stuli kutoka ukutani, nikaiweka mahali pake, nikakaa.

"Kalete ya kwako," nikamwambia.