Sura Niliyoichoma Kitale

Leo asubuhi, sokoni Bungoma, mwanamke nisiyemjua amenishukuru kwa kutomuua.

Mnaonifahamu mnajua kazi yangu ya zamani. Miaka ya themanini nilikuwa mtafiti wa mahindi Kitale. Mchana mahindi, jioni riwaya za mapenzi. Riwaya ziliuzwa kuliko mbegu zetu, bana.

Iliyouzwa zaidi ilimhusu Nekesa, msichana wa kijiji cha Ndalu, niliyembuni mwenyewe.

Sura ya mwisho, ambapo Nekesa anakufa, niliiandika shambani, kwenye ile mifuko ya karatasi tuliyofunikia maua ya mahindi yasichanganye mbegu. Halafu nikamhurumia. Nikaichoma mifuko yote palepale, peke yangu. Kitabu kikatoka Nekesa akiwa hai, ameolewa.

Hiyo sura hakuna aliyewahi kuisoma. Hata mke wangu sikumwambia.

Sasa leo nachagua nyanya, mama mmoja akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa na unga wa njano, ule wa maua ya mahindi. Na huu si msimu wake.

"Daktari, mimi ni Nekesa wa Ndalu," akasema. "Ile mahali nilikuwa nakufa, asante kwa kuchoma."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Si ungeacha tu hivyo? Mbona umeanza kuiandika tena ile sura?"

Nilianza Jumatatu. Kurasa mbili tu. Nimezifungia kwenye droo, na ufunguo hukaa mfukoni mwangu.

Nimefika nyumbani sasa hivi. Ufunguo una unga wa njano.

Nyinyi mngefungua hiyo droo?