Upande wa Kulia

Upande wa kushoto wa kinywa changu aliuokoa mume wangu. Wa kulia niliupoteza mwenyewe, wala sina wa kumlaumu.

Ilikuwa miaka ya sabini, tukiuza khanga na vitenge Shinyanga mjini. Mswaki wangu ulitoka na damu kila asubuhi, nami nikisingizia joto. Mume wangu akachoka kunisikiliza, akanipeleka kwa daktari wa meno. Yule bwana akanichoma sindano ya ganzi, akanikwangua upande wa kushoto hadi chini ya ufizi, ukoga ulioganda kama chokaa ukidondoka kwenye bakuli. Kisha akanipa punje za zambarau za kuyeyusha kwenye maji ya uvuguvugu, nisukutue asubuhi na jioni.

“Lakini dawa hii ni ya kusaidia tu, mama,” akasema. “Peke yake haifiki chini. Rudi baada ya wiki mbili tukwangue wa kulia. Ukichelewa, meno manne pale yatatoka.”

Wiki haijaisha, mume wangu akaenda machimboni kuuza vitenge, akarudi na homa. Siku ya tatu tukamzika.

Nikakaa eda, miezi minne na siku kumi ndani. Sikulia. Wenzangu walilia, mimi nikiwatazama na kuwaza chai inapoa. Nilikula nilichopewa. Kusukutua tu sikukosa, asubuhi na jioni, nikitema maji ya zambarau uani. Harufu ya kinywa ikaisha, damu ikapungua, nikajiambia nimepona.

Wifi yangu, dada wa marehemu, hakudanganyika.

“Wifi, siku ya daktari imepita. Nimemuuliza sheikh, anasema kwa matibabu mjane anatoka.”

“Eda ni eda,” nikamjibu.

“We nawe! Nani amekuzuia?”

Hakuna aliyenizuia. Ukweli ni kwamba sikujali. Meno, mvua, duka kufungwa, kwangu yote yalikuwa mamoja.

Eda ilipokwisha ndipo nikaenda. Daktari akayagusa yale meno manne kwa kidole, yakacheza yote. Akaniuliza kama nilisukutua. Nikamwambia, kila siku.

“Ndiyo maana juu ni safi,” akasema. “Chini pameoza.”

Akanichoma ganzi, akayang'oa moja moja. Nilitazama dari. Aliponiuliza kama naumia, nikatikisa kichwa.

Nilirudi nyumbani shavu limekufa. Alasiri ganzi ikaachia, maumivu yakapanda mpaka sikioni, nikapiga yowe. Wifi akaja mbio, mikono ina unga.

“Pole, wifi yangu. Ni meno tu, yatapoa.”

Nikamwita mume wangu kwa jina lake, mara ya kwanza tangu tumzike. Nikamwita tena na tena, damu ikinitoka mdomoni, mpaka wifi naye akaketi sakafuni tukamlilia pamoja.