Awinja na Fidia ya Mvua ya Mawe

Usimwambie Awinja habari za kusamehe. Padri alijaribu, akapewa chai nzuri na akaondoka bila jibu. Mimi jirani yake sikujaribu, maana hata mimi huyo mtu sijamsamehe.

Mtu mwenyewe ni Mathew Shikanga, liguru wetu, yaani mzee wa kijiji anayemsaidia chifu. Mwezi wa Mei mvua ya mawe ilipita hapa Shinyalu kwa mkanda mwembamba. Mahindi ya Awinja, yaliyokuwa yameanza kutoa ndevu, yalichanwa yakabaki mabua matupu. Ya Shikanga hayakuguswa hata jani. Serikali ilipotangaza fidia, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuandikisha wakulima na kuleta picha ya kila mmoja akiwa amesimama ndani ya shamba lake.

"Mama Beverly, wewe nishakuandika," alimwambia Awinja. "Usikate hayo mahindi mpaka watu wa ofisi wakuje waone."

Awinja akatii. Mabua yakaozea pale pale, na msimu wa kupanda maharagwe ukapita hivi hivi. Oktoba, orodha ikabandikwa kwa chifu. Jina la Awinja halikuwapo. La Shikanga lilikuwapo, na shamba lililoandikwa ni lile la Awinja.

Siku ya watu wa ofisi kukagua mashamba ya orodha, Shikanga alifika mapema shambani kwa Awinja, na mkewe Edah na watoto wao wawili, ili waonekane wenye shamba.

"Nyamaza tu, mama," akasema. "Pesa ikitoka tunagawana nusu kwa nusu."

"Karibuni," Awinja akajibu kwa upole. Nimemjua miaka ishirini. Ule upole uliniogopesha.

Afisa alikuwa mama kijana aitwaye Jepkorir. Alitoa simu akatuonyesha picha ya Shikanga kati ya mabua, kiatu kimoja kikiwa juu ya tuta fupi la udongo lililozungushiwa mawe. Akatafuta kwa macho, akaliona tuta lenyewe.

"Ni hapa. Hili ni kaburi?"

"Ya familia," Shikanga akasema.

"Familia gani?" Awinja akauliza. "Madam, si amesema shamba ni yake? Hiyo kaburi ni ya mtoto. Mwambie akutajie ni mtoto wake yupi amelala hapo."

Kwetu mtoto aliye hai hazikwi kwa mdomo. Ukimtaja kaburini, umekiita kifo nyumbani kwako, na hakuna anayefanya mzaha na jambo hilo, hata mwizi. Edah akawavuta watoto nyuma yake.

"Mathew, ukitaja mtoto wangu hapo, leo tunaachana."

"Taja," Awinja akasema. "Mimi wangu alikuwa Beverly, na alikuwa wa miaka sita. Wako ni nani?"

Jasho lilimtoka Shikanga mpaka kola ikalowa. Mwisho akasema shamba si lake. Nilifurahi, sitaficha.

Jepkorir alimvuta Awinja kando, lakini nilisikia. Usajili ulikuwa umefungwa. "Nikifuta jina lake, shamba lote linatoka. Hata wewe hutapata kitu. Nikiliacha, labda mtaelewana."

"Futa," Awinja akasema. "Na unipe nione ukifuta."

Akasogea, akatazama kidole cha Jepkorir kwenye simu mpaka jina likatoweka.

Tangu hapo ananunua mahindi kwa gorogoro, kopo la kilo mbili la sokoni, kama sisi wengine tusio na shamba la maana, na kuna wiki obusuma, ugali wetu, anakula kwangu. Nilimwuliza kama anajuta. Akasema anajuta jambo moja tu, kwamba alimwacha Shikanga aondoke mapema.

Shikanga naye hapiti tena mbele ya boma lile. Huzunguka kwa njia ya mtoni, mwendo wa nusu saa, huku akichafua viatu. Awinja amelijua hilo. Jumamosi iliyopita alikwenda kumwona mwenye shamba la kule mtoni, akamwomba aizibe ile njia, na miti ya kujengea ua atatoa yeye.