Sindano za Mwanaidi

Iko siku moja sijaisahau, mwanangu, ingawa mengi ya ujana wangu yameshanipotea. Nilirudi kutoka kazini bandarini, mabega yananiwasha kwa nyuzi za mkonge, nikamkuta mke wangu Mwanaidi mbele ya kioo akijifunga kanga mpya. Mashavu yake yamejaa, ngozi inang'aa. Miezi michache nyuma alikuwa mifupa mitupu, anakohoa mpaka anashika ukuta. Mume mwingine angemshukuru Mungu. Mimi nilijiuliza, anajipamba kwa ajili ya nani?

Ilikuwa miaka ya hamsini, tunakaa mtaa wa Makorora, ndoa yetu haijatimiza mwaka. Kabla ya hapo, mtu akipatwa na kifua kikuu, watu wake walimtengea sahani na kikombe, wakamlisha mayai na maziwa, wakangoja. Bahati ya Mwanaidi, dawa mpya zilikuwa zimefika. Aliambiwa akohoe alfajiri ndani ya kikopo, na hospitali wakayatazama makohozi yake kwa hadubini, wakawaona wadudu wenyewe. Wakampiga picha ya kifua, ikaonyesha kidonda upande wa kushoto. Kisha wakampa vidonge vya kumeza nyumbani, na sindano za kwenda kuchomwa kila siku kwa miezi.

Aliyemchoma alikuwa dresa, yaani msaidizi wa daktari, kijana wa Kishambaa, jina lake Elia. Kaptula yake imepigwa pasi mpaka inasimama. Aliandika Kiingereza upesi upesi, na mimi wa darasa la nne jina langu mwenyewe niliandika kama mtu anayechonga mti. Nyumbani kila neno likawa Elia. Elia kasema nile samaki. Elia kasema dirisha lisifungwe. Siku moja nilimsindikiza, lakini kwa haya sikuingia, nikachungulia dirishani. Nikamwona kijana yule kamwekea mke wangu kipimo mgongoni, kainamisha kichwa, anasikiliza. Mimi mumewe sikuwahi kumsikiliza hivyo.

Basi siku ile ya kanga nikamuuliza, "Unakwenda wapi?"

"Sindano."

"Mbona hukohoi tena?"

"Kasema nisiache hata nikijiona mzima. Wadudu wamejificha, hawajafa."

"Nani kasema?"

Akaendelea kujifunga kanga. Alikwisha kujua kinachonisumbua.

"Leo hutoki," nikamwambia. "Wala kesho."

Akaivua kanga, akaikunja taratibu, akaingia jikoni. Vidonge nilivitupa chooni mwenyewe, kwa kuwa bahasha yake ilikuwa na mwandiko wa Elia.

Nikafurahi, mwanangu, sikufichi. Mke yuko nyumbani, mzima, wangu. Furaha hiyo haikumaliza miezi miwili. Kikohozi kilirudi, na sasa leso ilikuwa na damu. Nikasema ni vumbi.

Shangazi yake, Bi Mwanahamisi, akaja kutoka Kigombe kumtazama.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mwanangu yuko wapi?"

Alikaa naye chumbani kitambo, kisha akatoka na kusimama mbele yangu. Chai niliyomwekea hakuigusa.

"Nani kamkataza sindano?"

"Mimi. Yule dresa, shangazi, anamzoea mno."

"Dresa wa kwetu hunichoma makalio kila nikishikwa na homa, na umri huu. Marehemu mume wangu hakuwahi kuja na fimbo." Hakucheka, nami sikuthubutu. "Mtu anamtoa mkeo kaburini, wewe unamwonea wivu. Ukishamzika utamwonea wivu nani, udongo?"

Siku ile ile nilimpeleka Mwanaidi hospitali, kaniegemea njia nzima. Mara hii niliingia. Elia alikuwa na msururu wa wazee wanaokohoa, jasho linamtoka, macho mekundu kwa uchovu. Hakuinua kichwa. "Jina?" akauliza. Mpaka alipoitazama kadi ndipo akamkumbuka.

"Mbona uliacha, mama?"

Mwanaidi alinitazama mimi, si yeye. "Nilisafiri," akasema.

Alinisitiri mbele ya mtu niliyemchukia bure. Ningependa kupigwa kofi kuliko kulisikia neno lile.

Elia akatueleza kwamba wadudu wakionja dawa kisha ikakatishwa, huizoea, na kuwaua huwa kazi kubwa zaidi. Wakamlaza. Wakamwongezea dawa nyingine ya unga, chungu mno, akaila miezi na miezi. Hata mimi nilipimwa makohozi, nikaonekana salama.

Mwanaidi alipona, ila pafu la kushoto lilisinyaa, na debe la maji hakulibeba tena. Tuliishi pamoja miaka mingi. Alisema amenisamehe, nami namwamini. Lakini tangu hapo, akiugua hata mafua, mimi nilikuwa wa mwisho kujua. Nilisikia kwa jirani.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu. Mkeo akianza kunawiri, furahi kabla hujauliza. Ukiona haya kuingia kwa daktari, ingia na haya zako, uulize. Dawa ikiandikwa miezi, imezwe miezi, hata kikohozi kikikoma wiki ya pili. Na wivu ukikujia, usiupe ruhusa ya kumtawala mgonjwa.

Mungu akujalie kifua chenye pumzi nzima, na akupe nyumba ambamo mwenzako akiumwa, wewe ndiye wa kwanza kuitwa.