Blanketi la Pikapu ya Baba

Enzi zetu kule Njombe, gari lilivaa nguo kabla baadhi yetu hatujavaa viatu. Msidhani natania. Mwezi wa sita maji ya kwenye karai yaliamka na utando wa barafu, majani yakawa meupe kama yamemwagiwa chumvi, na pikapu ya Baba iliyolala uani ilikataa kabisa kuwaka. Tuliisukuma watoto wa mtaa mzima, na masweta yetu ya shule yaliyotoboka viwiko, huku mvuke ukitutoka midomoni. Madereva wengi walikinga rejeta kwa kipande cha boksi ili injini ipate joto upesi, na wakifika bondeni walikitoa. Kwetu boksi halikutosha, kwa sababu kwetu kulikuwa na Bibi.

Bibi, mama yake Baba, hakukubali kitu kinachopumua kilale bila kufunikwa. Alichukua blanketi lake la zamani, la kijivu lenye mistari myekundu, akalikata kwa kipimo cha pua ya gari, akalipinda kwa sindano ya magunia na kulifunga kwa kamba za katani, mafundo makubwa makubwa. Kisha akapigapiga boneti kwa kiganja, akasema, "Haya, na mwenzenu amevaa."

Asubuhi pikapu iliwaka bila kusukumwa. Tulishangilia. Lakini Baba alikuwa akipeleka viazi sokoni Makambako, na kila akifika kwenye mpando wa mwisho kabla ya mji, mshale wa joto ulipanda, mvuke ukatoka, na safari ikasimama. Mtu wa kawaida angefungua blanketi. Baba hakuwa mtu wa kawaida, alikuwa mtoto wa Bibi. Nyumbani kwetu nguo uliyovishwa na mama huivui mwenyewe. Unakaa nayo mpaka yeye akuvue. Mimi nimewahi kukaa kanisani na masweta mawili katika jua la mwezi wa kumi, jasho linanitiririka mpaka kwenye soksi, na sikuthubutu kugusa kifungo.

Kwa hiyo Baba akageukia ufundi. Alianza kwa kuweka vibao chini ya bawaba za boneti ili ule upande wa kioo uinuke kidogo na hewa ya moto itoke. Mama akaangalia, akasema gari linapiga miayo. Halafu akakata mianzi, ile inayogemwa ulanzi, pombe yetu ya huko, akaitoboa vifundo, akaifunga kwenye bampa ili ilete upepo ndani. Kwa mwendo mkali pikapu ilipiga filimbi, na mbwa wa njiani walitukimbilia kwa hasira ambayo sijaiona tena. Mwisho akaweka bati kati ya bomba la moshi na injini, joto la bomba lisivuke.

Mshale ule wa joto ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo kipimo chake cha kweli kilikuwa kiazi. Alikifunga kwa waya pembeni ya injini tukiondoka Njombe, na tukifika Makambako anakikata. Kikiwa kimeiva hadi katikati, ufundi umeshindwa. Kikiwa na kiini kigumu, kuna maendeleo. Kusema haki maendeleo yalikuwepo, kiini kigumu kiliongezeka kila wiki. Sisi watoto tulisali ufundi ushindwe, maana kipimo tulikila sisi, na chumvi tulikuja nayo mfukoni.

Pale sokoni alikuwepo Mzee Salumu, mwenye lori la vitunguu, mtani wa Baba. Alikuwa akiizunguka pikapu taratibu na kanzu yake safi, kisha anasema, "Ninyi watu wa baridi bwana. Mnalivisha gari sweta, halafu mnalitoboa pua lipumue." Baba alicheka mpaka machozi. Maneno ya mtani huchekwa, hayafuatwi.

Ndipo ikaja harusi ya Shangazi Neema, dada yake Baba, kule Ilembula. Mzee Salumu alijitolea kumtafutia bibi harusi gari dogo, Baba akakataa. Dada yangu nitampeleka mwenyewe, alisema, na akasema mbele za watu. Mchungaji wa huko alijulikana: kengele ya pili ikilia mlango unafungwa, hata kama aliyebaki nje ni bibi harusi. Tukaondoka alfajiri, Shangazi na Bibi mbele, sisi nyuma na masufuria, lori la Mzee Salumu, aliyekuja kwetu tangu jana yake, likitufuata na wageni. Bibi alikuwa hajawahi kusafiri na pikapu ile hata mara moja.

Njia ya Ilembula hupitia Makambako, na kwenye mpando uleule, mvuke. Mzee Salumu akashuka na kusema kwa upole, bila utani, "Mlete bibi harusi kwangu. Atakaa juu ya vitunguu, lakini atafika."

Shangazi akaanza kulia ndani ya shela. "Kaka, nitaolewa nanuka vitunguu?"

Baba alisimama na mkono juu ya boneti, na nilimwonea huruma. Bibi akateremka polepole, akaenda mbele ya gari, akashika kiuno.

"Huyu bado amevaa?"

"Mama, ulimvisha wewe," Baba akasema.

"Nilimvisha kwa baridi ya Njombe. Mtoto akiwa na homa unamwongezea blanketi?"

Akafungua mafundo yake mwenyewe, moja baada ya jingine. Injini ilipopoa tukaongeza maji, Baba akafunga kiazi kipya, tukaondoka. Mshale ulilala pale chini mpaka Ilembula. Tuliingia uwanja wa kanisa kengele ya pili ikiwa inaanza. Baba akachomoa kiazi, akampa Mzee Salumu, naye akaking'ata mbele ya ukoo wa bwana harusi. "Kibichi," akatangaza, na Baba akamkumbatia. Wale wa Ilembula walidhani ndiyo mila yetu, wakapiga vigelegele. Sisi watoto tulishinda na njaa.

Vijana wa leo taa nyekundu ikiwaka kwenye dashibodi wanaipiga picha, wanaituma kwenye grupu, wanasubiri majibu wakiwa wamefunga vioo. Juzi nilipita mpando ule na gari langu, nikasimama bila sababu, nikafungua boneti. Injini nzima imefunikwa plastiki nyeusi, hata pa kuweka kiazi kimoja hapakuwepo. Siku hizi magari yanavishwa hukohuko kiwandani. Nilisimama pale na chumvi yangu mfukoni, nikiwaza kwamba Bibi hayupo, na mimi sijui ruhusa ya kuyavua naiomba kwa nani.