Wimbo Ulioishia Kona ya Pili

Wiki iliyopita nilishuka soko la Kiboriloni kutafuta redio ndogo, hizi za siku hizi zinazoenea kiganjani, zinazopiga nyimbo kutoka kwenye kadi. Nilitaka ya kuning'iniza shingoni nikienda kukata majani ya ng'ombe, maana mimi bado nakata mwenyewe. Wenzangu wa rika langu wanaletewa kwa pikapu, halafu wanalalamika magoti. Magoti yangu hayana habari hiyo. Nilikwenda na mjukuu wangu wa kike, anayesoma chuo hapo mjini, kwa sababu nilijua nitaulizwa mambo ya kisomi.

Na kweli niliulizwa. Kijana muuzaji aliniamkia vizuri, kisha akasema, "Bibi, unataka yenye jibii ngapi?"

"Jibii ndiyo nini?"

"Ni ukubwa wa tumbo lake. Hii ya nane inakula nyimbo nyingi tu. Hii ya thelathini na mbili utasikiliza mpaka mahindi yakomae, hujarudia wimbo."

Mjukuu akadakia. "Chukua kubwa, bibi. Ndogo ikijaa utaanza kufuta."

"Wewe unataka kubwa uweke makelele yako."

"Na yangu pia," alisema, wala hakuona haya. "Kwani wewe unataka kuweka nini?"

Nikamwambia nataka wimbo mmoja tu, ule wa bibi yangu wa kupandia mlima. Muuzaji akauliza ni wa msanii gani, autafute. Nikacheka. Halafu kicheko kikanikauka mdomoni, maana niliona nilichofanya: nimekuja kununua chombo cha kuwekea kitu ambacho sina.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu.

Kwetu huko juu ng'ombe hatoki nje. Anakaa ndani, anakula ulichombebea. Kwa hiyo kila siku wanawake waliteremka tambarare kukata majani, na sisi watoto tukiwafuata. Kushuka si kazi. Kazi ni kurudi, mzigo mbichi kichwani, maji ya majani yanakuchuruzika shingoni, mgongo unawasha, na mlima umekukalia usoni. Bibi yangu alitangulia, akaimba. Wimbo wake ulikuwa na ubeti wa kila kona ya njia ile. Kona ya kwanza, chemchemi. Kona ya pili, nyumba ya mhunzi. Kisha zikafuata nyingine, mpaka mfereji wa maji uliopita juu ya kihamba chetu, shamba la migomba la ukoo. Penye mwinuko mkali maneno yalikuwa mafupi, upate kuvuta pumzi. Penye unafuu yakarefuka. Hukuhitaji kuinua kichwa kutazama umefika wapi, wimbo ulikuambia. Na ubeti wa mwisho ukiimbwa, tayari unasikia harufu ya moshi wa jikoni, na kiburu kimeshapondwa, ndizi na maharage, kinakungoja chunguni.

Wote tuliujua. Mtoto wa kuanza shule aliujua.

Basi jirani yetu, aliyefanya kazi mjini, akaja na redio ya kaseti yenye kurekodi. Watu walijaa uwanjani kwake kama kuna msiba. Baba yangu mdogo alikuwa Tanga kwenye mkonge, miaka inapita hajaja nyumbani, na mwalimu wa shule yetu akatoa wazo: bibi aimbe wimbo wake, kaseti ipelekwe Tanga, mtoto amsikie mama yake. Kaseti ilikuwa moja. Upande mmoja ulikuwa na kwaya ya kanisani, na huo nani angethubutu kuufuta? Ukabaki upande mmoja.

Bibi akavaa kitenge chake cha Jumapili, akakaa mbele ya ile mashine. Jirani akabonyeza, akamwonyesha kwa mkono aanze.

Akaanza kusalimia.

"Mama, imba," jirani akanong'ona.

"Niingie nyumbani kwa watu naimba, sijasalimia? Umeniona nimerukwa na akili?"

Akamsalimia mwanawe. Akamwuliza ameamkaje, halafu akanyamaza, akamngoja ajibu. Utepe unazunguka, sisi tumebana pumzi. Akamwuliza habari za mke. Akanyamaza. Watoto. Akanyamaza. Wakwe, mmoja mmoja. Majirani wa huko. Ng'ombe wana maziwa? Akanyamaza muda mrefu zaidi, maana swali la ng'ombe halijibiwi kwa neno moja. Mwalimu alikuwa anajifuta jasho, lakini nani atamkatiza mtu mzima katikati ya salamu? Kwetu hilo halifanyiki, na siku ile halikufanyika.

Hatimaye akaimba. Chemchemi. Nyumba ya mhunzi. Kitufe kikaruka chenyewe, tak.

"Imeshiba," alisema jirani. Akaahidi kuleta kaseti nyingine akipata. Masika ile ile tulimzika bibi kihambani, chini ya migomba yake.

Baba mdogo alikuja Krismasi na ile kaseti. Alituambia kule Tanga alikuwa akiiweka, mama yake akiuliza, naye anajibu. "Wazima, mama. Ng'ombe sina, mama, huku tunaishi kambini." Pale kwenye kimya anajibu, na mama anaendelea kama kamsikia. Kwa hiyo usiniambie salamu zile zilipotea bure. Nimewahi kusema hivyo ujana wangu, sisemi tena.

Lakini wimbo, jamani. Kila Krismasi ukoo ukikusanyika, nyama inaiva, pombe ya mbege inazunguka, kaseti inawekwa. Tunaimba nayo mpaka nyumba ya mhunzi, tak, tunacheka, tunapiga makofi. Hakuna aliyeendelea. Tuliiachia mashine itukumbukie, nayo ikakumbuka ilichoweza. Sisi tuliokuwa watoto tukasahau, na wakubwa waliokuwa wakiujua wote wakafa mmoja mmoja wakiwa na kona zao. Baadaye utepe ukakatika, ukaota ukungu, ukatupwa.

Nilimweleza mjukuu hayo yote palepale, tumesimama mbele ya meza ya muuzaji. Akanitolea simu. "Imba ulichonacho, bibi."

Nikaimba. Watu sokoni wakageuka, na wageuke, sauti bado ninayo. Niliishia kwa mhunzi. Yule kijana akauingiza kwenye kadi, akatazama, akasema, "Bibi, haujachukua nafasi hata kidogo. Hapa bado patupu kabisa."

"Najua," nikamwambia.

Nikachukua ya nane. Akanijazia kwaya na nyimbo za dansi za zamani.

Leo nimepanda nayo na mzigo wangu. Chemchemi imefungiwa bomba. Kwa mhunzi kuna ghorofa lenye geti. Nilipofika hapo sauti yangu ikakatika, ikaingia kwaya moja kwa moja, inaimba mwendo ule ule kwenye mwinuko na kwenye tambarare, haijui kama nimebeba kitu. Nikaizima. Kutoka pale hadi nyumbani kuna kona nyingi, na kila moja ilikuwa na maneno yake. Nilizipanda zote kimya, nikiinua kichwa kila mara kutazama kama nimefika.